Vibao vya Njia ya Misafara: Aliyebebwa na Waliobeba

Mazungumzo ya leo yanahusu maandishi mafupi ambayo wengi wetu huyapita bila kuyasoma: bamba la shaba lililopigiliwa ukutani, jiwe lenye tarehe, kibao kando ya barabara kinachosema fulani alilala hapa na fulani alizikwa pale. Njia ya zamani ya misafara, ile iliyoanzia Bagamoyo ikapita Mpwapwa na Kilimatinde mpaka Tabora, kisha ikashuka hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, imewekewa alama za namna hiyo kwa miaka mingi, na nyingine ziko mbali kabisa na nchi yetu, London na Brussels. Ukizisoma moja moja, kila alama ina kisa chake na kila kisa kinavutia. Ukizisoma kwa pamoja, unagundua kitu ambacho hakuna hata moja inayokisema. Alama hizo zimemtaja aliyebebwa na kumwacha aliyebeba. Dai langu leo ni kwamba pengo hili halikuletwa na ukosefu wa majina. Majina yalikuwepo tangu mwanzo, yaliandikwa, na mengi tunayo mpaka sasa. Kilichokosekana ni uamuzi wa kuyachonga.

Tuanzie Kwihara, kilomita chache kusini-magharibi ya mji wa Tabora. Hapo pana nyumba kubwa ya udongo ya mtindo wa tembe, kuta nene, paa la bapa, na mlango wa mbao wenye nakshi za pwani. Watalii na wanafunzi wanaijua kwa jina la Tembe la Livingstone. Sasa tazama mambo yalivyokuwa. Nyumba ilikuwa mali ya jamii ya wafanyabiashara Waarabu wa Unyanyembe, nchi inayoizunguka Tabora. Henry Morton Stanley alifikia hapo Juni 1871, akakwama mpaka Septemba kwa sababu vita vya Mtemi Mirambo vilikuwa vimeifunga njia ya Ujiji. Alirudi Februari 1872 akiwa na David Livingstone, na mwezi uliofuata akashika njia ya pwani. Livingstone alibaki peke yake na watu wake wachache hadi tarehe 25 Agosti 1872. Kwa hiyo nyumba imepewa jina la mgeni aliyekaa miezi sita. Wala simlaumu mgeni. Watu huita mahali kwa jina la aliyekuwa maarufu. Lakini tujiulize alikuwa anasubiri nini miezi yote hiyo. Dawa hakuwa anakosa, na bidhaa Stanley alikuwa amemwachia. Alikuwa anasubiri wapagazi. Stanley aliwaajiri Unguja wanaume 57, wakatembea kutoka pwani mpaka Unyanyembe kumfuata mzee mmoja mgonjwa ambaye wengi wao hawakuwa wamemwona. Walipofika, safari ikaanza. Bila wao Livingstone angebaki Kwihara akiandika barua. Hao ndio waliompa safari yake ya mwisho, na pamoja nao walikuwepo wafuasi watano wa zamani, waliokuwa naye tangu mwaka 1866: Susi, Chuma, Amoda, Mabruki na Gardner. Alikuwepo pia Halima, mke wa Amoda, aliyekuwa akipika chakula cha msafara mzima na ambaye Livingstone mwenyewe alimsifu katika shajara yake.

Miongoni mwa wale 57 alikuwemo kijana anayeitwa Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, aliyenaswa na biashara ya watumwa utotoni, akaokolewa na meli ya Waingereza, akapelekwa India na kusomeshwa katika kituo cha wamisionari karibu na Nashik. Alijua kusoma na kuandika Kiingereza vizuri. Livingstone alipofariki katika kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwanzoni mwa Mei 1873, watu wake walikaa wakashauriana. Wakaamua kumrudisha pwani. Waliutoa moyo na matumbo, wakavizika chini ya mti mkubwa, Jacob akasoma sala za maziko, na mwili wakautia chumvi na kuukausha juani kwa wiki mbili. Kisha Jacob akachukua chombo chenye ncha kali na kuchonga maneno kwenye gamba la mti ule. Hilo, kwa hesabu yangu, ndilo bamba la kwanza la kumbukumbu katika hadithi hii nzima, na ndilo la ajabu kuliko yote yaliyofuata.

Kwa nini la ajabu? Kwa sababu ya kilichoandikwa. Jacob alichonga jina la Livingstone na tarehe ya Mei 1873. Mtu angetegemea aishie hapo, maana mfu alikuwa mmoja. Hakuishia hapo. Chini yake akaongeza majina mengine matatu, kwa tahajia yake mwenyewe: Yazuza, Mniasere na Vchopere. Walikuwa wakuu wa msafara, watu walio hai, wenzake. Mniasere ndiye yule ambaye vitabu vya wasafiri vinamwita Manwa Sera, na Vchopere ndiye Chowpereh. Wote wawili baadaye walisafiri na Stanley kuanzia 1874 hadi 1877, kutoka Bagamoyo mpaka mdomo wa mto Kongo, Manwa Sera akiwa nahodha mkuu wa msafara. Mwandishi wa kibao kile aliona kwamba mahali pale palistahili kumbukumbu ya aliyekufa pamoja na ya waliokuwa na dhamana ya mwili wake. Alikuwa na nafasi ndogo kwenye gamba la mti na chombo kigumu mkononi, wala hapakuwa na mtu wa kumlipa kwa herufi. Hata hivyo nafasi ya majina ya wapagazi ilipatikana. Mwaka 1899 mti ule ulikatwa kwa amri ya ofisa Mwingereza, Robert Codrington, na kipande chenye maandishi kikapelekwa London, kwenye Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia, kiliko hadi leo. Pale Chitambo ukajengwa mnara wenye msalaba.

Wapagazi wale walitembea na mwili kuelekea kaskazini, wakalizunguka Ziwa Tanganyika upande wa kusini, na Oktoba 1873 wakafika Kwihara. Hapo lilitokea jambo ambalo, kama ningeulizwa kibao kimoja tu cha kuongezwa katika wilaya za Tabora, ningelitaja hilo. Walimkuta Luteni Verney Lovett Cameron wa jeshi la majini la Uingereza, aliyetumwa kumsaidia Livingstone. Cameron aliona safari iliyobaki ni ya hatari, akawashauri wamzike hapo hapo. Alikuwa ofisa na Mwingereza, na kwa desturi za wakati ule neno lake lilikuwa amri. Wakakataa. Waliamua kule Chitambo kwamba mwili utafika pwani, na uamuzi ule haukubadilishwa na ofisa waliyemkuta njiani. Mbele kidogo, Kasekera, wakapata habari kwamba wenyeji wa njia watakataa maiti kupita katika nchi yao. Wakafanya hila ambayo ingemfaa mtunzi wa ngano. Waliufungua mzigo wa mwili, wakaufunga upya ukafanana na robota la nguo za biashara. Kisha wakatwaa mabua ya mtama, wakayazungushia nguo kama sanda, na kundi dogo likarudi nayo kuelekea Unyanyembe kwa huzuni yote ya msiba, kila mtu aamini kwamba wamekubali kuzika huko. Walipofika porini usiku wakayatupa mabua, wakarudi kwa njia za pembeni kuungana na wenzao. Mwili ukapita kama bidhaa. Februari 1874 ukafika Bagamoyo, ambako ofisi ya ubalozi wa Uingereza Unguja iliupokea, ikawalipa wapagazi mshahara wao na kuwaruhusu waende zao.

Sasa twende London. Tarehe 18 Aprili 1874 Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster, na jiwe la kaburi lake liko katikati ya ukumbi, unalikanyaga usipoangalia. Jiwe hilo linaeleza kuwa aliletwa kwa mikono ya uaminifu, kupitia nchi kavu na bahari, kisha linataja jina lake, sifa zake, mahali alipozaliwa na kijiji alipofia. Mikono imetajwa, wenye mikono hawakutajwa. Mtu mwaminifu ambaye hana jina ni sifa ya mtumishi katika macho ya bwana wake. Haimhusu mtu aliyekataa ushauri wa Cameron, wala waliotunga hila ya mabua. Na jambo la kushangaza ni kwamba Jacob Wainwright alikuwepo siku ile ile, ndani ya kanisa lile lile, miongoni mwa walioshika pembe za jeneza. Mwandishi wa bamba la kwanza alisimama juu ya kaburi ambalo jiwe lake lingewaacha wenzake wote. Susi na Chuma walifika Uingereza baada ya maziko kwisha.

Kuna atakayesema: walioandika jiwe hawakujua majina. Hoja hii ni rahisi kuijibu kuliko zote. Mwaka 1874 Jumuiya ile ile ya Jiografia ilitengeneza medali 60 za fedha kwa ajili ya watu waliouleta mwili. Uso wa medali unawasifu kwa uaminifu wao hadi mwisho, na kwenye ukingo, ule upande mwembamba usioonekana mpaka uigeuze, limechongwa jina la kila mwenye medali. Yaani katika jiji lile lile, katika mwaka ule ule, kulikuwa na watu waliokuwa na orodha ya majina sitini na fundi wa kuyachonga kwenye fedha. Majina yaliwekwa pembezoni mwa medali, na ukumbini ikawekwa mikono. Stanley naye, mwishoni mwa kitabu chake kuhusu safari ya 1874 hadi 1877, aliorodhesha majina ya waliokufa na ya waliorejea, na alikuwa mtu asiyeona haya kuwapiga wapagazi wake viboko. Ikiwa yeye aliweza kuandika majina, hakuna mamlaka inayoweza kusema haikuweza.

Ujiji nako tuna mfano. Mnara ulioko pale unasema kwamba chini ya mwembe uliokuwepo mahali hapo Stanley alikutana na Livingstone tarehe 10 Novemba 1871. Mwembe wenyewe ulikufa zamani. Miembe iliyopo sasa inasemwa kuwa ni uzao wake. Tarehe ina shaka, kwa sababu Livingstone alikuwa amepoteza hesabu ya siku, na shajara yake inaweka mkutano mwishoni mwa Oktoba. Lakini kuna jambo zaidi ya tarehe. Stanley mwenyewe anasimulia kwamba mtu wa kwanza kumsalimu kwa Kiingereza, katikati ya umati, kabla hajamwona Livingstone, alikuwa Susi, na baada yake Chuma. Mkutano maarufu kuliko yote katika historia ya njia hii ulianza kwa salamu ya Mwafrika, kwa lugha ya mgeni, na ni yeye aliyekimbia kumpasha habari bwana wake. Ndugu zetu wa Burundi wana kioja kingine: huko Mugere, kusini mwa Bujumbura, kuna mwamba wenye majina ya Livingstone na Stanley na tarehe ya Novemba 1871. Ni kweli walipita hapo walipokwenda kuchunguza ncha ya kaskazini ya ziwa, wakalala siku mbili. Ila kwa miaka mingi mwamba ule umeonyeshwa kwa wageni kama mahali walipokutana mara ya kwanza. Kibao kinaweza kusema kweli na bado kikazaa uongo, kwa vile msomaji hujazia mwenyewe kile ambacho hakikuandikwa.

Wala usidhani ni suala la Livingstone pekee. Katika bustani za Kensington, London, umesimama mnara wa mawe mekundu wa msafiri Mwingereza John Hanning Speke, wenye jina lake na la ziwa la Nyanza na la mto Nile. Aliyemfikisha kwenye ziwa hilo ni mtu aliyepita Tabora mara nyingi kuliko mzungu yeyote wa enzi hizo: Sidi Mubarak Bombay, Myao kama Jacob, aliyewahi kuwa mtumwa India. Alikuwa na Burton na Speke walipofika Kazeh, yaani Tabora ya wakati ule, Novemba 1857. Alirudi na Speke na Grant mwaka 1861. Alikuja tena na Stanley mwaka 1871, na tena na Cameron mwaka 1873, akaendelea naye mpaka pwani ya Atlantiki. Wazungu walibadilika, Bombay akabaki. Alipewa pensheni na Jumuiya ya Jiografia, jambo la heshima. Mnara alipewa Speke.

Halafu likaja jambo la 1916, na hapa mji wa Tabora unaingia katika mawe ya nchi ambayo Watabora wengi hawajawahi kuikanyaga. Septemba 19 mwaka ule, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Kongo ya Wabelgiji, chini ya Jenerali Charles Tombeur, liliuteka mji kutoka kwa Wajerumani. Kwa Ubelgiji, ambayo sehemu kubwa ya nchi yake yenyewe ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, ushindi ule ulikuwa faraja kubwa. Tombeur baadaye alipewa ubaroni na jina la Tabora likaongezwa kwenye jina lake. Mpaka leo katikati ya Brussels kuna Mtaa wa Tabora, na katika mji huo huo kuna mnara wa jenerali mwenyewe. Waliopigana walikuwa askari Waafrika upande huu na upande ule, na nyuma ya kila askari kulikuwa na wapagazi wa kulazimishwa, wakibeba risasi na unga kwenye nchi isiyo na barabara. Nchi ya Wanyamwezi, iliyokuwa imejenga sifa ya kazi ya upagazi kwa hiari na kwa mshahara, ilishuhudia kazi ile ile ikigeuzwa shuruti. Wengi zaidi walikufa kwa njaa na kuhara kuliko kwa risasi.

Sanamu ya Askari iliyoko Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 1927, inawataja wapagazi wa vita vile. Maandishi yake, ya Kiingereza na ya Kiswahili, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Tumerudi kwenye mikono. Juu ya jukwaa amesimama askari mmoja na bunduki yake. Mpagazi yumo katika sentensi, katika shaba hayumo. Nairobi angalau walimweka mbeba mzigo kando ya askari. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba Waafrika na Waasia wapatao 116,000, na huenda wengi zaidi ya hapo, waliofia upande wa Uingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, hawakuandikwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, na Afrika Mashariki ilikuwa miongoni mwa sehemu zilizoumizwa zaidi. Ripoti ile ilieleza kwamba maofisa wa wakati ule waliamua hivyo. Waliona wapagazi hawahitaji jiwe la mtu mmoja mmoja. Uamuzi unaweza kutenguliwa. Januari 2025 huko Cape Town ulizinduliwa mnara wenye majina zaidi ya 1,700 ya Waafrika Kusini weusi waliokufa katika kazi zisizo za kupigana, kila mmoja na nguzo yake ya mbao ngumu. Majina yale yalitoka kwenye kumbukumbu za karatasi zilizolala makabatini kwa karne nzima. Tume iliyokuwa imewaacha ndiyo iliyoyatafuta.

Nimesikia pingamizi kadhaa dhidi ya hoja ya namna hii, na baadhi ni nzito. La kwanza linasema njia hii ilikuwa njia ya watumwa, na ukianza kuwapamba wapagazi utafunika kilio cha waliofungwa minyororo. Orodha ya mwaka 2006 ya maeneo ambayo Tanzania imependekeza yafikiriwe na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia inaiita njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu, na jina hilo ni la haki. Nakubali pia kwamba wapagazi hawakuwa malaika. Pembe walizobeba zilinunuliwa mahali ambapo bunduki zilikuwa zikiteka watu, na wako Wanyamwezi waliotumia mapato ya safari kununua watumwa wa kulima mashamba yao. Lakini kuwachanganya wote kuwa kundi moja la wafungwa ni kuwaibia wote wawili. Mpagazi Mnyamwezi alipatana mshahara wake kwa nguo, alidai posho, alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, kama kilo 32, na alipoona mapatano yamevunjwa aliuweka chini akagoma, au akatoroka usiku. Tunajua haya kwa sababu wasafiri wa Ulaya walijaza kurasa wakilalamika. Malalamiko ya mwajiri ni ushahidi mzuri wa hiari ya mwajiriwa. Mtumwa hakuwa na nafasi hiyo, na ndiyo maana kila mmoja anahitaji maandishi yake. Kibao kinachosema watu walipita hapa kwa maelfu, bila kusema nani kwa kupenda na nani kwa mnyororo, hakimheshimu yeyote.

Pingamizi la pili ni la mfuko. Wageni, wanasema, wanapanda ndege na treni kuja Kwihara na Ujiji kwa ajili ya Livingstone. Ukimwondoa, biashara imekufa. Nani amesema aondolewe? Abaki, na jina la nyumba libaki. Ila mpe mgeni hadithi nzima uone kama atachoka. Mzee aliyesubiri miezi sita ni hadithi ya kawaida. Vijana waliomkatalia ofisa wa jeshi la majini, wakawapoteza maboya wenye njia kwa mabua ya mtama, wakatembea miezi tisa na mwili wa mtu, hiyo ni hadithi ambayo mgeni ataisimulia akirudi kwao. Anayeuza utalii kwa nusu ya hadithi anajipunja mwenyewe.

La tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi. Wazee wetu, linasema, hawakuhitaji bamba. Walikumbuka kwa nyimbo, kwa matambiko, kwa kumpa mjukuu jina la babu. Mtemi Isike wa Unyanyembe, aliyejilipua kwa baruti ndani ya boma lake Januari 1893 wanajeshi wa Kijerumani walipokuwa wamekwisha kuingia, hakusubiri shaba ili akumbukwe. Na Mirambo yumo katika majina ya shule na kambi ya jeshi bila msaada wa Jumuiya yoyote ya London. Kweli kabisa, kwa watemi. Mtemi ana ukoo wa kumtambikia na ikulu ya kusimuliwa. Mpagazi aliyefia njiani kati ya Ugogo na Unyanyembe, mbali na kwao, alifunikwa kwa matawi, msafara ukaendelea. Nyimbo za safari zilikuwa za kundi, nazo hazikuhifadhi jina la kila mtu. Isitoshe mjadala wa kama tuwe na vibao au tusiwe navyo umeshapitwa na wakati, kwa kuwa vibao vipo, na mwanafunzi wa Tabora anapelekwa kuvisoma. Anachojifunza pale ni kwamba historia ya mkoa wake ilifanywa na wageni wawili watatu, na babu zake walikuwa mikono.

Ninachopendekeza ni kidogo na hakihitaji fedha nyingi. Kwihara kiwekwe kibao cha pili kando ya kile kilichopo, kwa Kiswahili kwanza, chenye majina ya watu waliouleta mwili, kama yalivyochongwa kwenye medali za 1874, na jina la Halima lisiachwe eti kwa kuwa alikuwa jikoni. Kibao hicho kieleze uamuzi wa Oktoba 1873 na kutaja kwamba ulifanyika hapo. Palipo na shaka, shaka iandikwe. Ujiji wanaweza kuongeza mstari mmoja unaosema tarehe inabishaniwa na kwamba Susi ndiye aliyetangulia kusalimu. Tahajia za majina zitasumbua, maana wazungu waliyaandika walivyoyasikia, na wazee wa Unyamwezi na wa pwani waulizwe kabla fundi hajaanza kazi. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya tangu 1964, na wenye dhamana wanajulikana. Walimu wa historia wa Tabora wasisubiri kibali cha mtu: orodha ya majina yale inaweza kusomwa darasani wiki ijayo.

Na Urambo wasisahaulike. Mji huo unajulikana kwa Mirambo, na ni haki yake. Lakini Jacob Wainwright, baada ya London, alirudi Afrika na hatimaye akafanya kazi katika kituo cha wamisionari huko huko Urambo, safari fupi kutoka Tabora. Alikufa hapo mwaka 1892. Halmashauri ya Urambo ikitaka kujua jina la kuanza nalo, lianze hilo, na chini yake waandikwe Yazuza, Mniasere na Vchopere, kama yeye alivyowaandika.